Kufundishana kemia mtandaoni bila malipo: uzoefu wangu kutoka Lubumbashi

Kwa mwanafunzi wa kemia-biolojia wa hapa Lubumbashi anayejiandaa kwa Exetat (mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari), huduma hii ya wanafunzi kufundishana mtandaoni naipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti moja: atume kazi yake, asitume swali tupu. Nimeitumia nikiwa upande wa wanaofundishwa, sasa niko upande wa wanaofundisha, na pande zote mbili tofauti inaonekana palepale. Anayeandika "nisaidieni namba 7" anarudishiwa jibu. Anayetuma hesabu yake yote, hata ikiwa imekwama katikati, anaonyeshwa ni hatua gani imeharibika. Jibu analisahau kesho yake, ile hatua anaingia nayo mtihanini.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kuna kundi la WhatsApp kwa maswali ya kila siku, na jioni mbili za juma kuna somo la moja kwa moja kwa Google Meet. Wanaofundisha ni wanafunzi wa mwaka wa nne wa humanités (mwaka wa mwisho wa sekondari) pamoja na wengine waliokwisha kupata diploma na sasa wako chuo kikuu. Hakuna anayelipwa. Somo la moja kwa moja linakwenda vizuri wakiwa watu sita hivi. Wakifika kumi na tano, wawili wanazungumza na waliobaki wananyamaza, na aliyenyamaza hujui kama amefahamu. Google Meet ya bure inakata mkutano wa watu watatu au zaidi baada ya dakika 60, Zoom ya bure baada ya dakika 40. Kwa hiyo msipange sura nzima ya kitabu. Mazoezi mawili yaliyochimbwa hadi chini yanatosha.

Huduma hii inang'aa zaidi kwenye hesabu za moli, yaani kipimo cha wingi wa dutu. Chukua zoezi ambalo mtoto yeyote wa Katanga anaweza kuliona kwa macho: malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, linayeyushwa kwa asidi ya sulfuriki.

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2 H₂SO₄ → 2 CuSO₄ + CO₂ + 3 H₂O

Tuna gramu 22,1 za malakiti na gramu 14,7 za asidi. Kipi kinaisha kwanza, na CuSO₄ itakayopatikana ni gramu ngapi?

Masi ya moli, yaani gramu za moli moja, ya malakiti ni 221 g/mol, ya asidi ni 98 g/mol. Basi tuna moli 0,1 za malakiti na moli 0,15 za asidi. Hadi hapa karibu wote wanafika salama. Kisha wengi wanasema: 0,1 ni ndogo kuliko 0,15, malakiti ndiyo inayoisha kwanza, tunapata moli 0,2 za CuSO₄, yaani gramu 31,9. Na katika mtihani wa kuchagua jibu, 31,9 lazima utaikuta imeandikwa hapo, inakungoja.

Kilichosahauliwa ni zile namba zilizo mbele ya kila dutu katika mlinganyo. Malakiti moli 1 inadai asidi moli 2. Unagawa kila moli kwa namba yake: 0,1 ÷ 1 = 0,1 kwa malakiti, na 0,15 ÷ 2 = 0,075 kwa asidi. Asidi ndiyo inayoisha kwanza. CuSO₄ inakuwa moli 0,15, na kwa masi ya moli ya 159,5 hiyo ni gramu 23,925. CO₂ ni gramu 3,3, maji gramu 4,05, na malakiti inabaki gramu 5,525 bila kuguswa. Jumlisha vyote: unarudi kwenye gramu 36,8, sawasawa na ulizoanza nazo. Ukijumlisha usipate hiyo, usiende mbele.

Hapa ndipo mwanafunzi anayemfundisha mwenzake anapomzidi kitabu. Kitabu kinakupa njia iliyonyooka. Mwenzako anatazama karatasi yako na kukuuliza, "Ile 2 ya H₂SO₄ umeitumia wapi?" Swali moja, na mtu anashika.

Sasa upande unaochechemea. Wa kwanza ni mazoea ya nchi tofauti. Makundi haya yanachanganya watu, na anayefundisha anaweza kuwa Nairobi au Arusha. Kwenye mafunzo ya Kiingereza mara nyingi wanahesabu ujazo wa gesi kwa lita 24 kwa moli, kwa joto la kawaida la chumbani. Sisi huku tunafundishwa lita 22,4, kwa 0 °C na shinikizo la atm 1. Ile CO₂ ya juu, moli 0,075, inatoa lita 1,68 kwa hesabu yetu na lita 1,8 kwa hesabu yao. Hakuna aliyekosea, ila mtihani wako unataka moja tu. Uliza hali ya joto na shinikizo kabla ya kunakili. Hivyo hivyo na alama ya desimali: sisi tunaandika 0,25, wao 0.25, na wao wakiandika 1,000 wanamaanisha elfu moja.

Wa pili ni simu yenyewe. Kibodi inaharibu kemia. Ukiandika Co kwa haraka simu inaweza kuibadilisha kuwa CO, na hapo kobalti imegeuka gesi yenye sumu. Namba ndogo za chini zinapotea, chaji zinapotea, Fe²⁺ na Fe³⁺ zinafanana. Ndiyo maana mimi nawaambia wote: andika kwa mkono, piga picha. Karatasi nyeupe, kalamu ya bluu au nyeusi, zoezi moja kwa picha moja, hatua zipewe namba, na ile unayoitilia shaka izungushie duara. Picha ya WhatsApp inabanwa ikitumwa kawaida. Kama mwandiko wako ni mdogo itume kama hati, au chagua ubora wa HD, ingawa itakula mega zaidi.

Kuhusu mega (MB za intaneti): bure ni somo, mtandao unanunua mwenyewe. Zima kamera, kwa sababu kinachomaliza forfait (bando la intaneti) ni picha ya video, sauti ni nyepesi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, ufungue zile za zoezi lako tu. Umeme ukikatika saa za somo, anayefundisha atume maelezo kwa sauti fupifupi, dakika moja kila hatua, kila moja na picha yake. Kusema kweli njia hiyo naipenda kuliko mkutano, maana unaweza kurudia kusikiliza. Na saa ziandikwe pamoja na mji: 18h ya Kinshasa ni 19h ya Lubumbashi na 20h ya Nairobi. Watu wanakosa somo kwa ajili ya hilo tu.

Wa tatu, na huu ndio unaonisumbua zaidi: kosa la anayefundisha linaenea haraka, kwa kuwa watu wanamwamini. Mfano ni kutengeneza mililita 250 za CuSO₄ ya 0,1 mol/L. Dutu iliyo kwenye chupa, zile fuwele za bluu, ni CuSO₄·5H₂O, masi ya moli 249,5. Unahitaji moli 0,025, yaani gramu 6,24. Anayesahau maji ya fuwele (ile 5H₂O) anatumia 159,5, anapima gramu 3,99, na mmumunyo wake unatoka karibu 0,064 mol/L. Kwenye karatasi hesabu yake inapendeza kabisa. Dai asome kilichoandikwa kwenye chupa au kwenye swali, na aandike kipimo kila mstari: g, mol, L. Anayekataa kuandika vipimo, tafuta mwingine.

Kemia ya kaboni nayo inafundishika vibaya kwa njia hii. Majina ya molekuli zenye matawi yanataka mtu achore mbele yako, arudie, ageuze mnyororo, na kwa picha za WhatsApp inachosha.

Kwa asiye na maabara shuleni, majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002, ni ya bure, mengi yapo kwa Kifaransa, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila mtandao. Lile la kusawazisha milinganyo lafaa lifanywe kabla ya somo la kwanza. Anayejua Kiingereza ana Schoolhouse.world pia, tovuti ya kufundishana iliyoanzishwa na Sal Khan (yule wa Khan Academy) mwaka 2020, nayo haina malipo. Ila tafadhali, mtu asikubali kuongozwa kwa simu kufanya jaribio la asidi ya betri nyumbani. Asidi hiyo ni ya sulfuriki, nayo humiminwa ndani ya maji, polepole. Ukimimina maji ndani ya asidi joto linapanda ghafla na inakurukia usoni. Asiyekuwa pamoja nawe hawezi kukushika mkono.

Exetat ikikaribia, wanaingia kwenye makundi watu wanaouza "maswali yenyewe". Msimamizi awatoe siku hiyo hiyo, na kama hawatoi, toka wewe. Kundi likishaanza kungoja maswali ya kununua, hakuna tena anayetuma karatasi yake isahihishwe.