Raglan Road: bila ala au kwa gitaa?

Mshairi Patrick Kavanagh alichapisha shairi hili, Raglan Road, Ayalandi mwaka 1946, baada ya kumpenda Hilda Moriarty bila kupendwa. Huimbwa kwa sauti ya wimbo wa kale, Fáinne Geal an Lae, na mwimbaji Luke Kelly ndiye aliyeipa Raglan Road umaarufu mkubwa.

Ukiimba bila ala, maneno ndiyo yanayoongoza. Unaweza kuvuta neno, kunyamaza, kisha kuendelea. Hatari ni sauti ya kuanzia: mstari wa pili na wa tatu wa kila ubeti hupanda sana, kwa hiyo anza chini kuliko unavyopenda. Jaribu kwanza mstari wa pili. Ukikukwaruza koo, shusha. Beti ni nne na hakuna kiitikio cha kupumzikia.

Gitaa hukushikia sauti isipotee, na hilo linamfaa anayeanza. Lakini mapigo mfululizo huufanya wimbo utembee kama gwaride, na majuto ya ubeti wa mwisho, ambao ndio roho ya wimbo, hupita bila kusikika. Piga nyuzi mara moja mwanzoni mwa mstari, ziache zilie. Kwangu mimi, bila ala ni bora zaidi, hasa chumba kikiwa kimetulia.