Sokwe wapya mbele ya mjomba: uzoefu wangu na picha za Planet of the Apes

Mjomba wangu aliendesha banda la video pale Mwanga, Kigoma, kwa miaka mingi, na picha aliyoipenda kuliko zote ni moja ambayo maneno yake hakuwahi kuyaelewa. Ni Planet of the Apes ya 1968. Mkanda uliletwa na mfanyabiashara kutoka Bujumbura, umeingizwa sauti za Kifaransa, na Kifaransa mjomba hajui hata salamu. Aliifuata kwa macho tu. Alijua kwamba Charlton Heston ndiye steringi, kwamba ameanguka na chombo cha angani mahali ambapo sokwe wanapanda farasi na watu wanawindwa kwa nyavu, na kwamba mwishoni steringi anaanguka magotini ufukweni mbele ya sanamu ya mwanamke iliyozama mchangani. Kwa nini anaanguka, hakujua. Alikaa na swali hilo mpaka siku mfanyabiashara yuleyule alipomwambia kwamba sanamu ile iko New York. Mjomba anasema alizima deki akakaa kimya. Kumbe steringi hakwenda sayari nyingine yoyote. Alikuwa duniani muda wote.

Nimeanza na mjomba kwa sababu yeye ndiye niliyekaa naye kuzitazama hizi mpya, na maoni yangu mengi yamepita kwenye macho yake. Mashabiki wa picha za zamani wanajulikana: ukiwaambia hadithi yao inaanzishwa upya, kwanza wananuna. Mjomba alikuwa na haki ya kununa, maana alishaumizwa mara moja. Mwaka 2001 Tim Burton aliirudia ile picha, Mark Wahlberg akiwa steringi. Nyuso za sokwe alizitengeneza Rick Baker, na mpaka leo nasema zile ni kazi ya fundi hasa. Tim Roth chini ya uso ule anatisha. Hadithi ndiyo ilikosa mguu wa kusimamia. Mwisho wake, Wahlberg anafika Washington na kukuta sanamu ya Lincoln ina uso wa sokwe, na watu waliondoka wakiulizana imekuwaje. Pesa iliingiza, lakini mwendelezo wake haukutengenezwa. Mjomba aliionyesha bandani siku moja, kesho yake akairudisha kabatini.

Kwa hiyo ilipotoka Rise of the Planet of the Apes mwaka 2011, hakutaka hata kuiona. "Hao ni wa kompyuta," alisema. "Wale wa kwangu walikuwa watu ndani ya ngozi." Na kweli, John Chambers alipewa Oscar ya heshima kwa nyuso zile za 1968, wakati ambapo kipengele cha kazi hiyo kilikuwa bado hakijaanzishwa.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya na hii ya 2011. Niliipata kwanza ikiwa imetafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anaongea juu ya picha mwanzo mpaka mwisho. Nawaheshimu sana watafsiri wetu. Bila wao watu wengi wa mtaani kwetu wasingeijua sinema ya dunia. Lakini kwa picha hii, yule mtafsiri aliniibia kitu bila kujua. Caesar, sokwe aliyelelewa nyumbani kwa mtu kama mtoto, anaongea kwa ishara za mikono karibu picha nzima. Mtafsiri hapendi ukimya, akampa sauti tangu mwanzo. Akamfanya aseme "baba nina njaa", "baba twende", na akifungiwa kwenye kituo cha kutunzia sokwe akamfanya atukane. Ilipofika ile sehemu yenyewe, mimi sikushtuka. Nilishamsikia Caesar akiongea saa nzima.

Miezi kadhaa baadaye niliipata yenye sauti yake ya asili, nikaenda nayo kwa mjomba na kompyuta yangu. Alikubali kwa shingo upande, akaweka kikombe chake cha chai pembeni, akasema atatazama dakika kumi.

Dakika kumi zilipita hajasema kitu. Alicheka kidogo aliposikia kwamba mama yake Caesar anaitwa Bright Eyes, kwa sababu baadaye alishajua kuwa ndivyo sokwe wa 1968 walivyomwita Heston. Akaona kwenye habari za televisheni ndani ya picha kwamba chombo kiitwacho Icarus kimeondoka kwenda Mars, kisha gazeti linauliza kama kimepotea. Akanitazama. Alama ndogondogo kama hizo ndizo zinazomlainisha shabiki wa zamani, na waliotengeneza picha hii hawakuzipigia ngoma. Aliyejua amejua, asiyejua hadithi inaendelea naye.

Halafu ikaja usiku ule kwenye vizimba. Mlinzi, anayechezwa na Tom Felton, ana fimbo ya umeme. Anampiga Caesar nayo, Caesar anamdaka mkono. Mlinzi anapiga kelele, na maneno anayoyasema ni yaleyale ambayo Heston aliwaambia sokwe mwaka 1968, siku sauti yake iliporudi: ondoa mikono yako michafu. Caesar anasimama wima, anafungua mdomo, anasema, "No!"

Hapana.

Sokwe wote vizimbani wanaacha kelele. Mlinzi anabaki mdomo wazi. Hakuna muziki wa kukuambia usikie nini. Mjomba alinyoosha mkono akanishika goti. "Rudisha nyuma, mjomba." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kwenye picha ya zamani, kinachowashtua sokwe ni mtu kuongea. Hapa kinachowashtua watu ni sokwe kuongea, na maneno ya steringi wa zamani amepewa adui. Wameligeuza shati lilelile ndani nje. Nilipotafuta zaidi nikakuta kwamba hata neno lenyewe halikuokotwa barabarani. Kwenye picha ya tatu ya zamani, ya 1971, inasimuliwa kwamba neno la kwanza sokwe kumwambia mtu lilikuwa hilohilo, "hapana". Mwongozaji Rupert Wyatt na waandishi wake walisoma nyumba yote kabla ya kupaka rangi mpya.

Kuhusu hoja ya kompyuta, naomba niseme kama mtu wa Kigoma. Gombe iko kaskazini kwetu, unaifikia kwa boti juu ya Ziwa Tanganyika. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka huohuo wa 1968. Niliwahi kwenda, nikavaa barakoa kama wote, nikaambiwa nisisogee karibu. Sokwe jike mmoja alikuwa amekaa kwenye kichuguu. Alichuma ujiti wa nyasi, akauvua majani kwa midomo, akauingiza tunduni, akasubiri. Akauvuta pole pole ukiwa umejaa mchwa. Kisha akatutazama, mara moja tu, kama mama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekuja wakati wa kula, akarudi kwenye kazi yake.

Mtazamo ule nimeuona kwa Caesar. Aliyemcheza ni Andy Serkis, na si kweli kwamba kompyuta imemchora kutoka hewani. Serkis na wenzake walivaa suti za kijivu zenye alama, kamera ndogo ikining'inia mbele ya uso, wakatembea kwa miguu minne wakiwa na vigongo vya kurefusha mikono. Terry Notary aliwafundisha mwendo. Kisha mafundi wa Weta kule New Zealand wakaweka manyoya, misuli na ngozi juu ya kazi ile. Nilipomwambia mjomba hivyo alitulia. "Basi bado ni watu ndani ya ngozi." Kasoro ninayoiona ni moja, macho. Wamewawekea sokwe waliopata dawa ya kuwaongezea akili rangi ya kijani machoni, na aliyewaona sokwe wa kweli na macho yao ya kahawia anaisikia hiyo kijani kama noti isiyo kwenye wimbo. Sababu ipo kwenye hadithi, lakini bado.

Mashabiki waligombana sana kama Serkis alistahili kuteuliwa Oscar ya uigizaji. Studio ilimpigania, hakuteuliwa. Picha zote nne za mfululizo huu mpya ziliteuliwa kwenye kipengele cha athari za picha, na zote nne hazikushinda. Kwangu mimi hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Dawn of the Planet of the Apes ya 2014, chini ya Matt Reeves, ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Sokwe wana kijiji chao msituni, wana sheria: sokwe hamuui sokwe. Koba, sokwe ambaye mwili wake una makovu ya maabara, hawezi kusamehe watu. Caesar, ambaye alilelewa na mtu mwema, hawezi kuwachukia wote. Kila mmoja ana haki kwa yale aliyoyapitia, na ndipo vita inapozaliwa. Kwetu habari hii si ngeni. Sokwe wa Gombe waligawanyika makundi mawili, Kasakela na Kahama, na kati ya 1974 na 1978 wa Kasakela wakawamaliza madume wa Kahama mmoja mmoja, watu ambao zamani walisafishana manyoya. Nimeandika "watu", na naliacha neno hilo hapo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alisema ilimsumbua sana kuligundua hilo. Koba anapopanda farasi na bunduki mikononi, mashabiki wengi walishangilia ukumbini. Mimi nilishindwa.

Na kuna jingine. Kwenye picha, kirusi cha dawa ile iliyowapa sokwe akili ndicho kinachowaua watu. Gombe ilikuwa kinyume. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe, na leo barakoa tunavaa sisi ili mafua yetu yasiwaue wao. Natamani mtu mmoja atengeneze picha kutoka upande huo.

War for the Planet of the Apes, 2017, niliitazama ukumbini Dar es Salaam. Ni ya theluji na ukimya, maneno machache, na kijana mmoja nyuma yangu alilalamika kwamba vita yenyewe iko wapi. Namwelewa, jina linaahidi mapigano. Lakini kaa na Maurice, yule orangutani anayechezwa na Karin Konoval, anavyomtazama mtoto wa kike asiyeweza kuongea, halafu uniambie kama ulihitaji risasi zaidi. Hii ya 2017 usiitazame iliyotafsiriwa. Yoyote kati ya hizi, ukiweza, tazama ya asili yenye maandishi chini, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Mikono yao inaongea.

Kingdom of the Planet of the Apes ya 2024 ni nzuri bila kufikia hizo. Vizazi vingi vimepita, Caesar amekuwa jina ambalo mfalme mmoja dhalimu analitumia kuwafanya sokwe wengine watumwa. Wazo zuri, urefu umezidi. Sehemu ya mwisho, Mae, msichana wa kibinadamu, anaagana na Noa, sokwe kijana, huku ameficha bastola mgongoni, ilinifanya nishike pumzi.

Ombi dogo kwa wauzaji na watafsiri wetu: msiziite "picha za manyani". Gombe nyani wapo na sokwe wapo, na mtoto wa Kigoma wa miaka mitano hawachanganyi.

Mwaka jana niliipata ile ya 1968 kwa Kiingereza, picha safi, nikampelekea mjomba. Deki yake ilishakufa zamani. Kwa mara ya kwanza maneno yakawa ya lugha ambayo ningeweza kumweleza, kwa hiyo nilikaa kando yake nikimtafsiria kila kinachosemwa: kesi mahakamani, mabishano ya sokwe wawili, Cornelius na Dk. Zaius, yote. Alikuwa akiniuliza na kuitikia. Farasi alipoanza kutembea ufukweni, Heston na yule mwanamke juu yake, mjomba aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Hapa usiseme kitu."