ND64 au ND1000? Filta nyeusi za kupigia picha za alfajiri Nyanda za Juu Kusini

Mtu akiuliza anunue filta gani ili maji ya Ziwa Nyasa yatulie kama kioo na mawingu yaache michirizi angani, jibu analopewa haraka ni ND1000, mojawapo ya filta za ND (neutral density), yaani vioo vyeusi vinavyofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza mwanga. Kwa picha za mchana ni jibu zuri. Kwa alfajiri ya huku, iwe Matema, Kitulo au kwenye barabara ya Mbeya–Chunya pale bonde la Usangu linapofunguka chini yako, filta hiyo imezidi weusi. Ya kwanza kununua ni ND64.

Hesabu yake ni hii. ND64 inapunguza mwanga kwa stopu 6 (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), kwa hiyo shata, pazia la kamera linaloingiza mwanga, inakaa wazi mara 64 zaidi. ND1000 inapunguza stopu 10, yaani mara 1,024. Dakika kama 10 kabla ya jua kuchomoza, kwa f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), anga la mashariki mara nyingi linataka karibu sekunde 1 bila filta. Ukifunga ND64 unapata sekunde 64. Ukifunga ND1000 unapata dakika 17, na jua litakuwa limekwisha kutoka shata ikiwa bado wazi.

Tena mapambazuko yetu ni mafupi, kwa sababu huku karibu na ikweta jua hupanda kwa mwinuko mkali. Tangu likiwa nyuzi 6 chini ya upeo hadi linapochomoza ni dakika 22 hivi tu, na ndani ya muda huo mwanga unaongezeka maradufu takriban kila dakika 3. Picha ya sekunde 60 haidhuriki. Picha ya dakika 8 inapokea karibu mara 3 ya mwanga uliopimwa mwanzoni, na ile rangi ya chungwa upeoni inaungua na kuwa nyeupe. Kama ND1000 ndiyo pekee uliyo nayo na hesabu imesema dakika 8, funga shata kwenye dakika 4 na nusu.

Zamu ya ND1000 huanza jua likishapanda. Kipimo cha sekunde 1/30 kwa f/11 kinageuka sekunde 34, na cha 1/15 kinageuka sekunde 68, muda unaotosha kabisa kulainisha ukungu unaotambaa bondeni. Matema ina upendeleo wake: Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, jua linachelewa kuuvuka ukingo wake, na mwanga laini unadumu juu ya maji kuliko sehemu iliyo wazi. Pale ND64 hufanya kazi nzuri hata baada ya saa rasmi ya macheo. Saa hiyo nayo hubadilika: Mbeya mjini jua huchomoza kama saa 12 na robo mwezi Novemba, lakini mwishoni mwa Juni ni karibu saa 1 kamili. Fika saa nzima kabla.

Sasa kioo chenyewe. Filta nyingi za bei rahisi huzuia mwanga tunaouona lakini huachia miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini kamera huinasa, na kadiri filta inavyokuwa nyeusi ndivyo kasoro hiyo inavyojitokeza. Majani mabichi huakisi infraredi kwa wingi. Ndiyo maana mashamba ya chai ya Mufindi au Rungwe, na nyasi za Kitulo, hutoka na wekundu wa kahawia hata pale anga lilipotoka sawa. Kupiga kwa RAW (faili ghafi ya kamera) na kurekebisha uwiano wa rangi (white balance) kunaondoa doa lililoenea picha nzima. Hakuyarudishi majani kwenye kijani chake, maana kosa limekaa kwenye majani peke yake. Hapa ndipo pa kuongeza fedha: ND1000 nunua yenye tabaka la kuzuia infraredi, au acha kabisa. Kwenye ND64 kasoro hii ni ndogo na mara nyingi hurekebishika.

Pete ya filta iwe ya brasi (shaba ya njano), si ya alumini. Nyuzi za skrubu mbele ya lenzi nyingi ni za alumini, na alumini kwa alumini hung'ang'aniana, hasa kwenye baridi ya Kitulo, mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai jalidi hulala juu ya majani. Ikikwama usiibane kwa vidole viwili, utaipinda iwe yai na itazidi kukaza. Chukua kandambili safi, bandika soli yake bapa juu ya pete bila kugusa kioo, kisha zungusha taratibu.

Adui mkubwa kuliko wote ni umande. Kioo kinachotazama anga wazi hupoteza joto hadi kuwa baridi kuliko hewa, na unyevu unatulia juu yake. Katika sekunde 64 hutaona chochote. Utakuja kuona nyumbani, picha nzima imefunikwa na utando. Mulika filta kwa tochi kutoka ubavuni kabla ya kila picha. Mkanda wa kupasha lenzi unaotumia pawabenki unafaa sana. Usipokuwa nao, ivishe lenzi hudi (kikinga cha mbele ya lenzi) na uweke kitambaa kikavu mfukoni, karibu na mwili.

Utaratibu wa kufunga ni mmoja: panga fremu kwenye tripodi, lenga kwenye ukingo wa mlima, zima fokasi ya otomatiki, pima mwanga, ndipo uzungushe filta bila kugusa pete ya fokasi. Kwa DSLR (kamera yenye kioo ndani) ziba kitundu cha kuchungulia, la sivyo mwanga huingia kwa nyuma na kuacha michirizi ya zambarau. Zima pia upunguzaji chembe wa picha ndefu (long exposure noise reduction), kwa sababu kamera hupiga picha ya pili ya giza yenye muda uleule, na dakika 2 zinakuwa 4 huku mapambazuko yakipita.

Filta za kuzungusha zinazobadilika weusi siziafiki: kwa lenzi pana huchora msalaba mweusi angani. Kubandika filta mbili pamoja nako hutia giza pembeni kwenye lenzi ya milimita 18.

Chukua filta yenye kipenyo cha milimita 77, na pete za kupandishia ili iingie pia kwenye lenzi za 58 na 67. Ukiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, ifungue ofisini kwa wakala, iinue ielekee taa nyeupe, na utazame kupitia kioo chake: kijivu ichukue, kahawia irudishe.