Miezi minane na sanduku la kupimia maji ya bwawa: uzoefu wangu hapa Bwiru

Sikununua bwawa la kuogelea. Nilinunua nyumba Bwiru, hapa Mwanza, kwa sababu ya upepo wa ziwani na ukaribu wake na mjini, na bwawa nikalikuta limechimbwa katikati ya mawe mawili makubwa, likiwa na urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na wastani wa kina cha mita moja na nusu, yaani lita 60,000 za maji ambazo sikujua zinatunzwaje. Ninachokieleza hapa ni sanduku la kupimia maji nililoliagiza Dar es Salaam likaja kwa basi, baada ya kijana aliyekuwa akilitunza bwawa hilo kwa malipo ya mwezi kunifikisha mahali ambapo wajukuu wangu waliokuja kutoka Igoma siku ya Jumamosi walitoka majini macho yamewaiva kama waliokaa kwenye moshi wa kuni.

Nilimwuliza kijana huyo anapimaje maji kabla ya kutia dawa. Akanijibu kwa upole, "Mama, maji ya bwawa hayapimwi, yananuswa. Ukisikia harufu ya dawa, jua dawa ipo." Utaratibu wake ulikuwa kumwaga kopo la klorini ya unga kila Jumatatu, kisha Ijumaa kutia shabu, ile ile ambayo watu wa kandokando ya ziwa wameitumia miaka mingi kutuliza tope kwenye ndoo za maji, ili siku za mapumziko bwawa ling'ae. Na kwa kweli lilikuwa linang'aa. Ndiyo maana sikumlaumu haraka.

Sanduku lenyewe ni la plastiki, halizidi ukubwa wa kitabu cha shule. Ndani mna kipimio chenye mirija miwili na rangi za kulinganishia, vidonge vya DPD (dawa inayogeuka waridi ikikutana na klorini) namba 1 na namba 3 vya kupimia klorini, vidonge vya rangi nyekundu ya fenoli vya kupimia pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, chupa ya matone ya kupimia ualkali, na kijiti cha kupondea vidonge. Bei yake haikufika nusu ya bei ya ndoo ya kilo 45 ya klorini ya unga. Maelekezo yake yako katika lugha tano za Ulaya, Kiswahili hakimo, na rangi za kulinganishia zimechapishwa ndogo mno kwa mtu wa umri wangu.

Siku ya kwanza niliyachota maji kwa kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kwa kuwa maji ya juu kabisa hukaa juani na hayawakilishi bwawa zima, nikausuuza mrija kwa maji hayo hayo, nikadondosha kidonge bila kukigusa kwa vidole. Kidonge cha pH kilitoa rangi ya njano iliyopitiliza, chini ya 6.8 ambayo ndiyo rangi ya mwisho ya kipimio changu, wakati inayotakiwa ni kati ya 7.2 na 7.8. Kidonge namba 1, kinachoonyesha klorini iliyo huru kufanya kazi, kilitoa waridi hafifu sana la miligramu 0.5 kwa lita. Nilipoongeza namba 3 juu yake, waridi likakolea hadi 2.5. Tofauti hiyo ya 2 ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho, mkojo na uchafu mwingine wa waogeleaji, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Harufu aliyoitegemea yule kijana kama ushahidi kwamba dawa ipo ilikuwa ushahidi kwamba dawa imechoka.

Hata hivyo, kilicholipa gharama ya sanduku zima ni ile chupa ya matone ya ualkali. Ualkali ni uwezo wa maji kuvumilia asidi au magadi bila pH yake kurukaruka, na kila tone katika kipimo hiki ni miligramu 10 kwa lita. Unadondosha, unatikisa, unahesabu, mpaka maji ya kijani yageuke mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu matone manane hadi 12, kama maelekezo yanavyotaka. Tone la pili tu, maji yakawa mekundu. Nilidhani nimekosea, nikarudia, yakawa yale yale. Nikapima maji ya bomba, nayo yakachukua matone matano.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mwanamke anayefua Mwanza analijua bila kipimo: maji yetu, ambayo bomba linayatoa ziwani, ni laini, sabuni hutoka povu upesi, na hayana chumvi nyingi za kuyatuliza. Sasa shabu inapoingia kwenye maji, huula ualkali huo ili itengeneze yale mabonge yanayozama na uchafu. Penye maji magumu hasara hiyo haionekani sana. Kwenye maji ya ziwa letu, shabu ya kila Ijumaa ilikuwa imekomba karibu kila kitu, pH ikaporomoka, na saruji iliyo kati ya vigae ikaanza kulika. Nilipoipitishia ukucha kwenye ngazi, ilitoka kama unga.

Jirani alinishauri nitie magadi yanayolainishia maharage. Ushauri wake haukuwa wa kipuuzi, kwa maana magadi huongeza ualkali, lakini huirusha pH juu kwa nguvu na huja na vumbi lake. Nilichagua soda bikaboneti, ambayo huongeza ualkali huku ikiisogeza pH polepole. Hesabu yake kwa bwawa langu ni nyepesi: kilo moja hupandisha kama miligramu 10 kwa lita. Nilihitaji kutoka 20 hadi 80, kwa hiyo nilitia kilo sita kwa jioni tatu, kilo mbili kila jioni, pampu ikiwa inazunguka. Siku ya nne matone manane, pH 7.2. Ngazi iliacha kutoa unga.

Iliyobaki ilikuwa klorini iliyochoka, na hapa sanduku lilinitia hasarani, ingawa sehemu ya kosa ni yangu. Ili kuichoma klorini ya aina hiyo, unatia klorini mpya mara 10 ya kiasi chake, nami nikahesabu: gramu 90 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 65 hupandisha bwawa langu kwa miligramu moja kwa lita, kwa hiyo nilihitaji 20, karibu kilo mbili. Nilitia jioni, jua likiwa limezama. Asubuhi saa kumi na mbili nikapima: sifuri. Maji kwenye mrija yalikuwa meupe kama ya kunywa. Nikasema uchafu umeimaliza yote, nikaongeza kilo nyingine. Nikapima tena, sifuri. Nilikuwa nimeinama ukingoni, na pindo la kitenge changu lilikuwa limelowa bila mimi kutambua. Lilipokauka lilikuwa na mabaka meupe mahali pote lilipogusa maji.

Klorini isiyokuwepo haipaushi kitenge. Nilidondosha kidonge kingine, safari hii nikikitazama bila kupepesa macho, nikaona waridi likiwaka kwa muda wa kufumba na kufumbua kisha likafutika. Klorini ilikuwa nyingi kiasi cha kuipausha rangi ya kipimo chenyewe. Nilichanganya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji ya betri yasiyotiwa asidi, waridi likatulia kwenye 2.5, yaani 25 kwa hesabu halisi. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya maelekezo, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote. Nililifunga bwawa siku mbili, na jua likaimaliza klorini hadi 3.

Jua hilo ndilo lililonieleza pia kwa nini dawa ya Jumatatu haikuwa ikifika hata Jumanne mchana. Klorini isiyokingwa huharibiwa na miale ya jua kwa saa chache tu, na sisi tuko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Kinga yake ni asidi ya sianuriki, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, ambayo sanduku langu haliipimi, na hilo ni pungufu kubwa kwa bidhaa inayouzwa katika nchi yetu. Nililazimika kutia kwa hesabu ya uzito na kuamini mizani. Vidonge vikubwa vya klorini vya kuelea huja na kinga hiyo ndani yake, lakini vina asidi, na kwa maji laini kama haya ningerudi kule kule nilikotoka. Nimebaki na klorini ya unga ya kalsiamu, ambayo angalau huyaongezea maji kalsiamu kidogo. Aina hizo mbili za klorini zisikutane hata kwenye kijiko kimoja, kwani zikichanganyika zinaweza kuwaka.

Malalamiko mengine ni madogo. Vidonge vya DPD vilikuwa 30 tu, na anayepima kila siku wakati wa masika, mvua inapoipunguza nguvu dawa kila jioni, atavimaliza kwa mwezi. Wadudu wadogo wa ziwani walioanguka majini kwa maelfu usiku mmoja walinilazimu kupima mara tatu kwa siku moja. Sanduku nalo halitaki joto. Niliwahi kuliacha barazani na vidonge viwili vikageuka rangi ndani ya karatasi zake.

Yule kijana bado anafanya kazi kwangu. Wiki ya pili nilimpa mrija akahesabu matone mwenyewe, na alipofika la nane aliniangalia, akasema, "Mama, kumbe shabu ilikuwa inatula." Sasa yeye ndiye anayepima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kuandika kwenye daftari linaloning'inia karibu na pampu. Shabu tumeitia mara moja tu tangu hapo, baada ya mvua kubwa iliyoshusha tope kutoka mlimani, na kilo ya soda bikaboneti ikaifuata kesho yake. Nimeagiza vidonge vingine, pamoja na kipimo cha asidi ya sianuriki, na sanduku lenyewe ningelinunua tena.