Cha kuanzia ufundi nyumbani: vitu vya mtumba nilivyovipanga kuanzia kinachofaa zaidi

Anayetaka kujifunza kutengeneza vitu kwa mikono yake mara nyingi huulizia zana kwanza. Anunue keekee ipi, msumeno upi, mashine ya msasa ipi. Mimi ningemwambia zana zisubiri, atafute kwanza kitu cha kufanyia kazi, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua kama ataendelea au ataachia njiani. Meza iliyochaguliwa vizuri inamalizika kwa karatasi chache za msasa na kopo moja la vanishi. Iliyochaguliwa vibaya itamshinda hata mwenye karakana.

Kanuni yangu ya kununua ni moja: nunua kasoro moja. Kiti kilicholegea miguu lakini rangi yake bado nzuri, chukua. Meza iliyochubuka juu lakini imesimama imara, chukua. Kitu kilicholegea, kikachubuka, kikatobolewa na wadudu na kupoteza droo moja ni cha fundi mzoefu, hata ukipewa bure. Kasoro moja utaimaliza, utaiona imekwisha, na safari ijayo utathubutu kununua kasoro ya aina nyingine. Kujiamini kwenye kazi hizi hujengeka hivyo, kasoro baada ya kasoro.

Kwa hiyo sikupanga vitu hivi kwa uzuri wala kwa thamani. Nimeangalia kama kasoro inaonekana kabla hujalipa, kama ukikosea unaweza kurudia, na kama zana zinazohitajika ni chache.

Kwanza ujue ni mbao au si mbao

Hili linahusu karibu kila kitu kwenye orodha. Tazama ukingo wa ubao wa juu. Kwenye mbao nzima, mistari ya nyuzi inapita juu, inafika ukingoni na kuteremka nao, na kwenye ncha ya ubao unaona nyuzi zilizokatwa. Mistari ikikoma ghafla na ukingo ukawa na utepe uliobandikwa, hiyo ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya ubao mwingine, au karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Namna ya kuitambua karatasi ni kutafuta jicho la mbao, lile duara jeusi la mahali palipokuwa na tawi, kisha kutafuta pacha wake. Ukikuta jicho lile lile limejirudia sehemu nyingine, ni picha.

Vinia si aibu, fanicha nyingi nzuri za zamani zinayo. Ila vinia ya kisasa kwa kawaida haifikii unene wa milimita moja, na mashine ya msasa huimaliza kabla hujashtuka. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, iache.

Chipbodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Pitisha kidole chini kabisa, pale inapogusa sakafu. Ukihisi imefura kama mkate uliolowa, weka chini uende zako.

1. Meza ndogo ya mbao nzima, au stuli

Hii naiweka ya kwanza bila kusita. Eneo lake ni dogo na tambarare, hakuna pembe zinazokusumbua, na ukiharibu unasugua unaanza upya. Tafuta ambayo tatizo lake ni vanishi iliyopauka, mikwaruzo na alama za vikombe.

Hizo alama zisome vizuri. Alama nyeupe ya duara maana yake unyevu umenaswa ndani ya vanishi, hivyo vanishi ikitoka na yenyewe inatoka. Alama nyeusi imeshazama kwenye mbao, mara nyingi maji yamekutana na chuma na kuigeuza rangi, na kuitoa kunahitaji asidi ya oksaliki na glavu. Kwa kuanzia chagua nyeupe.

Kabla ya kulipa, weka mikono miwili juu ya meza na uisukume kwa mshazari, kona kwa kona. Ikigonga sakafu, isogeze kwingine ujaribu tena, huenda sakafu ndiyo haiko sawa. Ikilia kwenye maungio, imelegea, na hiyo ni kasoro ya pili.

Ukifika nyumbani, chovya pamba kwenye spiriti na ufute mahali pasipoonekana, tuseme chini ya ukingo. Pakianza kunata, meza imepakwa sheliki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na spiriti hiyo hiyo itaitoa bila kusugua sana. Pasiponata, jaribu thina ya laka, ambayo nayo ni aina ya vanishi. Ikikataa zote mbili, basi ni vanishi ya mafuta au ya poliurethani, na hapo ni msasa au dawa ya kutolea rangi.

Msasa namba yake ikiwa ndogo ndiyo unakwaruza zaidi. Anza na 80 kama vanishi ni nene, nenda 120, malizia 180, na usiruke hatua, maana mikwaruzo ya 80 haifutwi na 180. Sugua kwa kufuata nyuzi. Ukikatisha nyuzi hutaona kosa mbao ikiwa kavu, lakini ukipaka tu vanishi mikwaruzo yote inajitokeza. Kuna njia rahisi ninayoipenda: chora mistari myepesi ya penseli juu ya meza nzima, kisha usugue hadi mistari yote ipotee, ndipo uhamie namba inayofuata. Penseli inakuonyesha ulipopita na uliposahau, hubaki ukikisia. Ukimaliza futa vumbi lote, paka vanishi nyembamba, iache ikauke kabisa, ipitishe 240 kwa mkono mwepesi, ufute, upake tena.

Mambo mawili hapa hayana mzaha. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na zipo nchi zilizochelewa kuliko hapo. Kwa hiyo kitu cha zamani kilichopakwa rangi usikisugue kikavu, hasa kama nyumbani kuna watoto au mjamzito. La pili ni matambara uliyotumia kupaka mbao mafuta ya kitani. Yanapokauka hujipasha moto yenyewe, na ukiyakunja na kuyarundika yanaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye maji.

2. Zana za mkono

Wengi hupita meza ya vyuma vyenye kutu bila kutazama, na hapo ndipo penye mali. Patasi, randa, nyundo, tupa na jiriwa za zamani zilitengenezwa kwa chuma kizuri, na kutu ya juujuu hutoka kwa siki, brashi ya waya na subira. Ukizitoa kwenye siki zioshe, zikaushe hapo hapo na uzipake mafuta, la sivyo kutu inarudi.

Unachokagua ni kina cha kutu. Kwenye patasi geuza upande ulio bapa, ule wa nyuma ya makali. Ukiona vishimo karibu na ncha, iache, kwa sababu makali hayatanyooka mpaka vishimo viishe. Kwenye randa tafuta nyufa karibu na mdomo ambamo ubapa wa kisu unatokea. Mpini uliovunjika usikutishe, kuubadilisha ni kazi ndogo. Msumeno wa kisasa wenye meno yaliyogeuka bluu au meusi kwa kuchomwa haunoleki kwa tupa, na ukishabutu umekwisha, kwa hiyo huo nunua mpya.

3. Kabati la droo

Hapa ndipo mtu anapoanza kujiona fundi, maana kabati likirekebishwa linabadilisha chumba. Lakini usinunue kwa kuangalia uso. Chomoa droo moja, igeuze, utazame kona inapounganika na uso wake. Ukiona meno yaliyopishana yenye umbo la mkia wa njiwa, aliyeitengeneza alikusudia idumu. Meno yasiyolingana upana kwa kawaida yalikatwa kwa mkono, yanayolingana sawasawa yalikatwa kwa mashine, na yote ni mazuri. Ukiona stepla na gundi iliyomwagika, rudisha droo mahali pake.

Muuzaji akikuambia kabati ni la kale sana, tazama skrubu. Skrubu za nyota, zile zenye alama ya msalaba kichwani, zilienea baada ya Henry Phillips kupata hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, mwaka 1936. Kabati lenye skrubu hizo tangu liundwe haliwezi kuwa la karne ya 19. Inawezekana pia mtu alizibadilisha baadaye, kwa hiyo ing'oe moja utazame: tundu la zamani huwa na ukubwa au umbo lisilolingana na skrubu mpya. Vishikio vinavyong'aa kwa rangi ya dhahabu vijaribu kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa, kwani shaba haivutwi.

Droo inayokwama haihitaji randa mara moja. Paka nta ya mshumaa kwenye reli zake na kwenye kingo za chini, uivute na kuisukuma. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Wadudu nao wanajificha humu. Vitundu vya milimita moja hadi mbili ni kazi ya bungua. Gonga kwa ngumi. Ukidondoka unga mpya wa rangi nyepesi, bado wanakula, na utawapeleka kwako. Kwenye pembe za droo tafuta pia madoa madogo meusi ya kunguni. Mdudu huyo anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kusikia kwamba kabati limekaa stoo muda mrefu si kinga.

4. Viti vya mbao vilivyolegea

Viti vina faida moja kubwa: vikiwa vinne, unafanya kazi ile ile mara nne, na cha nne kinakuwa kizuri kuliko cha kwanza. Kwenye orodha nimeviweka baada ya kabati kwa sababu maungio ya kiti hubeba mtu, na kazi ya kanyaga twende humwangusha mgeni.

Ungio lililolegea usilitilie gundi juu ya gundi. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya gundi iliyokauka. Tenganisha kwa kugongagonga na nyundo ya mpira, kwangua gundi ya zamani hadi mbao ionekane, paka mpya, unga, ubane mpaka kesho yake. Kama huna klampu, zungusha kamba kwenye miguu minne na uikaze kwa kukisokota kijiti katikati. Kabla gundi haijashika, kisimamishe kiti mahali palipo sawa uhakikishe miguu yote inagusa chini.

Kiti ambacho mtu ameshakipigilia misumari kwenye maungio, achana nacho. Msumari hupasua mbao na hukuzuia kulitenganisha ungio bila kulivunja. Kinyume chake ni viti vya mbao zilizopindwa kwa mvuke, vya mtindo ule wa fundi seremala Michael Thonet wa mwaka 1859, ambavyo vinaungwa kwa skrubu na nati. Kikilegea, mara nyingine bisibisi peke yake inatosha. Ukivikuta, usivipite.

5. Fremu na vioo

Ni rahisi, ni vya kufurahisha, na havikufundishi mengi. Nunua ukitaka ushindi wa haraka. Madoa meusi yanayotambaa kutoka kingo za kioo hayatoki, kwa kuwa ni utando wa madini ya fedha ulio nyuma ya kioo unaoharibika. Kama yanakupendeza, sawa.

6. Taa za meza

Kubadilisha waya, swichi na plagi ni kazi ya kujifunza vizuri, lakini kosa lake halionekani kwa macho, ndiyo maana imeshuka hadi hapa. Nunua kwa ajili ya umbo la taa na uchukulie kwamba waya wote utautoa. Usiichomeke ukutani kuijaribu ikiwa waya umekakamaa au umepasuka. Taa ya chuma inatakiwa iwe na waya wa ardhi, na kama hujawahi kuufunga, mwachie fundi umeme sehemu hiyo.

7. Sofa

Sofa kuukuu hushawishi watu kwa sababu fremu inaonekana nzuri na kitambaa tu ndicho kibaya. Kumbe ndani kuna sponji iliyooza, springi zilizochomoka na mikanda iliyokatika, yaani kasoro tatu usizoziona. Kitambaa chenyewe huliwa kingi kuliko unavyodhani, na kushona pembe zikae ni ufundi wa peke yake. Ukitaka kujifunza kuvalisha, anza na kiti cha kulia chakula ambacho kikalio chake kinachomoka kwa skrubu nne. Hapo unahitaji stepla ya mkono, sponji mpya na kipande kidogo cha kitambaa.

Visivyo na nafasi kwenye orodha

Godoro lililotumika, usinunue. Kabati la nguo la chipbodi ambalo limeshafunguliwa na kuungwa zaidi ya mara moja, usinunue, kwa kuwa matundu ya skrubu yameshalegea na kabati litaanza kuinama likipakiwa nguo. Kitanda cha mtoto chenye ubavu wa kushuka, usinunue hata kiwe kizuri vipi na hata ujue kukirekebisha. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2011 baada ya watoto kufa kwa kunaswa kwenye pengo la ubavu ulioachia. Ukikikuta sokoni, mwambie muuzaji sababu hiyo, maana huenda hajaisikia.