Lushoto ni ya kutembea kwa miguu: uzoefu wangu wa Irente, Magamba na Mtae

Watu wengi ninaowafahamu wakikwambia wamefika Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, maana yake walipanda na gari, wakapiga picha kwenye ukingo wa mlima wa Irente, wakala chakula cha mchana, kesho yake wakashuka. Kwa maoni yangu hao bado hawajaiona Lushoto. Mimi nilikwenda wiki ya kwanza ya Januari pamoja na mama na mdogo wangu wa kike, tukakodi mwongozaji wa hapohapo, na sehemu kubwa tukaizunguka kwa miguu. Naandika haya kwa ajili ya Mtanzania mwenzangu mwenye likizo fupi na joto la Dar kichwani, ajue pesa yake itampatia nini kule juu.

Basi la Dar hupita Segera na Korogwe, likifika Mombo linaiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda. Hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona zisizokwisha, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kama tumbo lako ni jepesi, usile sana Mombo. Ukikaribia Soni, takriban nusu ya njia, utajikuta unafunga dirisha mwenyewe bila kuambiwa. Maporomoko ya Soni yanaonekana palepale barabarani, na ukija msimu wa matunda kama sisi, utakuta beseni za plamu, pichi na pesheni zikiletwa mpaka dirishani mwa basi. Tulinunua plamu za kutosha, na mama alizimaliza nusu kabla hatujafika mjini.

Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, na maofisa wao walikimbilia huku kupumzika na joto la pwani. Leo watu wanaujua zaidi kwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama na kwa mboga: kabichi, karoti, hoho na viazi vinavyoshuka kwa malori kwenda masoko ya Dar na Tanga. Siku ya soko inafaa kuiona, hasa asubuhi.

Kuhusu malazi nitasema jambo moja tu. Gesti tuliyolala mwanzo ilitangaza maji ya moto, na maji hayo hatukuyaona si asubuhi wala jioni. Kwa Lushoto hilo si dogo, kwa sababu usiku ni baridi hata Januari, na Juni hadi Agosti ndiyo usiseme. Kabla hujalipa, omba ufungulie bomba, uweke mkono, usubiri. Tulihamia kwingine tukapata maji ya moto, blanketi mbili nzito na chai ya tangawizi, kwa bei ambayo haikupishana sana na ile ya kwanza.

Sasa mwongozaji. Mjini kuna vikundi vya vijana waliosomea kazi hii, wenye ofisi na vitambulisho. Ingia ofisini, usikubaliane na mtu aliyekufuata stendi. Waandike kwenye karatasi bei inajumuisha nini: kiingilio cha msitu, usafiri wa kurudi, chakula. Sema mapema kwamba wewe ni Mtanzania, na beba kitambulisho cha taifa. Msitu wa Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Dai risiti.

Magamba ndiyo iliyonikamata moyo. Ukitoka kwenye mashamba ya viazi na kuingia chini ya miti, mwanga unabadilika na baridi inashika mikono. Mwongozaji wetu hakuwa na haraka. Aliokota kipande cha gome chini ya mti mkubwa wa mkulo, akakivunja, akatupa tunuse: harufu ya kafuri kabisa. Akatuonyesha kima wawili aina ya mbega juu kabisa ya mti, mikia myeupe ikining'inia, na akatuambia tunyamaze mpaka waruke wenyewe. Tulingoja, shingo zikatuuma, wakaruka.

Halafu kinyonga. Mimi nilipita karibu na kile kijiti bila kuona chochote. Mwongozaji alisimama, akasema, "Dada, rudi hatua moja, tazama usawa wa bega lako." Alikuwa dume, wa kijani aliyeingia rangi ya udongo ubavuni, mwenye pembe mbili bapa zilizotoka mbele ya pua. Huyu ni wa milima hii ya Usambara Magharibi. Si wale wa kwenye michongoma ya nyumbani. Jicho moja lilikuwa linatutazama sisi, la pili linatafuta njia. Aliinua mguu, akauacha hewani, akayumba mbele na nyuma, ndipo akashika tawi. Mdogo wangu, aliyelelewa kwa hofu ya vinyonga kama wengi wetu, alianza kwa kusimama mbali na akaishia kuwa wa mwisho kuondoka pale. Nilimwomba mwongozaji amchukue tupige naye picha. Alikataa kwa upole: akitolewa kwenye tawi anachoka, na watalii ni wengi. Hapo nikajua tumepata mtu anayeupenda msitu wake, na kwangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko yote.

Tulipopumzika alitusimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu aliyetoka nchi ya Unguu, akawagawia Wasambaa, wenyeji wa milima hii, nyama na kuwasaidia dhidi ya nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, mpaka wakamfanya mfalme wao. Ukoo wake wa Wakilindi ulitawala kutoka mji wao wa Vuga kwa vizazi vingi. Nilisoma habari hizi shuleni nikazisahau. Kuzisikia kutoka kwa Msambaa, umekaa kwenye gogo, shamba la mahindi chini yako limezungushiwa uzio mpaka leo kwa sababu ya nguruwe walewale, ni elimu nyingine.

Siku ya Irente tuligawanyika, mama na sisi. Yeye magoti yanamsumbua, akapanda bajaji. Sisi tulitembea, kama kilomita sita kutoka mjini, kupitia vijijini. Njiani watu wanasalimia, nawe usipite kimya. Mwongozaji alitufundisha kusalimia kwa Kisambaa, "onga mshi" kwa mchana, na kila tuliposema, watu walicheka kwa furaha. Kwa bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage tulirudi kwenye shikamoo. "Marahaba wajukuu zangu, mwatoka wapi?" Tukasema Dar. "Poleni na joto," akasema, akaendelea na jembe lake.

Kwenye ukingo wa Irente ardhi inakatika ghafla, karibu mita elfu moja hadi tambarare chini. Unaiona Mombo, unayaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, unaiona barabara ya Arusha na malori madogo kama punje za mtama, na nyuma yake nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Hakuna uzio wa maana sehemu zote, kwa hiyo mwenye watoto awashike mikono. Nenda kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi mara nyingi ukungu hujaa na hutaona kitu. Penye mandhari hutozwa kiingilio kidogo, beba pesa taslimu.

Kabla ya ukingo kuna Irente Farm, shamba la kanisa la Kilutheri, KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Hapa mama alikaa kivulini akitusubiri, na ndipo alipofurahi kuliko mahali pengine popote. Wanatengeneza jibini yao, mkate mzito wa nafaka ya rai, jemu na juisi ya matunda ya hukuhuku, na wanakuandalia vyote mezani pamoja na mboga mbichi za bustanini. Mama si mtu wa jibini. Alikula, akaomba tena, akanunua ya kupeleka nyumbani. Ukiwa kundi kubwa, wapigie simu mapema.

Kutoka hapo mama alibaki mjini kwa ndugu, mimi na mdogo wangu tukaendelea na mwongozaji kuelekea Mtae kupitia Rangwi. Rangwi tulilala kwa masista wa Kikatoliki, wanaopokea wasafiri: chumba kisafi, chakula cha kushiba, kimya kizuri. Njia inapita matuta, vijito na misonobari, halafu unafika Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, pande zote mbili ukitazama chini. Upande mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na milima ya Upare inaonekana vizuri. Siku ya anga safi Kilimanjaro nayo huonekana; siku yetu mawingu yalikataa. Sikujali. Jua lilipochwa nilihesabu safu za milima zilizogeuka bluu moja nyuma ya nyingine mpaka baridi ikaturudisha ndani.

Njia hii si ya kila mtu. Kupanda na kushuka ni kwingi, magoti yanalipa, na masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unateleza vibaya sana. Vaa buti au raba zenye meno, beba koti la mvua hata kama jua linawaka, na sweta nzito. Pesa toa mjini Lushoto kabla ya kuondoka. Mabasi ya kutoka Mtae hushuka alfajiri sana, kwa hiyo uliza saa usiku uleule unaofika, na umwambie mwenye gesti akuamshe.

Kama una siku mbili tu, fanya Magamba siku ya kwanza na Irente siku ya pili jioni, utaridhika. Mwenye watoto wadogo au mzazi mzee, Irente Farm na soko vinamtosha, na bajaji zipo. Mtae inataka muda, na kwa mtu mwenye miguu mizima ningeipa nafasi ya kwanza kuliko fukwe nyingi nilizolipia pesa nyingi zaidi. Sisi tumeshapanga kurudi Septemba, safari hii kwa njia ya kijiji cha Mambo, na mwongozaji ni yuleyule.