Jumba la Ryabushinsky, Moscow: msiishie kwenye ngazi, pandeni mpaka darini

Jamani kama uko Moscow kwa masomo au unapita tu, tenga asubuhi moja uende jumba la Ryabushinsky, mtaa wa Malaya Nikitskaya, siku hizi ni makumbusho ya mwandishi Maxim Gorky. Liko jirani kabisa na kanisa alilofungia ndoa mshairi Pushkin mwaka 1831, hupotei.

Mimi nimekulia Tanga, baharini, kwa hiyo nilivyoingia ukumbini nilisimama tu nikashindwa hata kuongea. Ile ngazi bwana! Ni ya mawe lakini imechongwa kama wimbi linamwagika kutoka ghorofani, unapitisha mkono kwenye ukingo unapanda unashuka hugusi kona hata moja, na pale wimbi linapoishia wamesimamisha taa, ukiwa chini unaona konyeza, yule kiumbe laini wa baharini, kabisa na minyiri yake, ukipanda ukachungulia kutoka juu taa ileile imeshakuwa kasa. Hata vishikio vya milango ni farasi wa bahari. Aliyechora ramani ni Fyodor Shekhtel, likajengwa 1900 mpaka 1903, na mwenyewe Stepan Ryabushinsky, tajiri wa benki na viwanda, alikuwa hajafika hata miaka 30.

Gorky alipewa jumba hili na Stalin, mtawala wa Kisovieti, 1931. Mapafu yalikuwa mabovu, kupanda ngazi shida, akakaa vyumba vya chini mpaka alipofariki 1936. Meza yake imenyanyuka kuliko za kawaida na haina droo, penseli za rangi bado zipo juu yake.

Sasa sikilizeni. Kijana tuliyemlipa atutembeze alituacha hapo kwenye ngazi, eti tumemaliza, watu wakapiga selfi wakaondoka. Mimi nikauliza, nikaonyeshwa ngazi nyembamba ya nyuma, nikapanda mpaka darini. Kumbe kuna kanisa dogo! Ukoo wa Ryabushinsky walikuwa Waumini wa Kale, wale waliokataa mageuzi ya kanisa ya karne ya 17, na serikali iliwabana kiasi kwamba altare za makanisa yao ya Rogozhskoe, kituo chao cha dini hapo hapo Moscow, zilipigwa lakiri tangu 1856 mpaka 1905. Kwa hiyo mtu mwenye pesa yote hiyo na ukumbi ule chini, sala zake alizificha juu, ukiwa barabarani huwezi kujua. Kachumba kadogo, mwanga hafifu, kuba limechorwa nakshi. Nilikaa muda mrefu, hakuna mwingine aliyepanda.